Mzazi na mtoto wakitafuta nyoka katika jangwa la Chalbi

Mhariri,

Wazazi wanaopeleka watoto kutazama nyoka kaskazini mwa Kenya, hasa Marsabit na Turkana, wengi huogopa swila. Wa kuchunga zaidi ni nyoka mdogo wa jamii ya kifutu, Echis pyramidum, ambaye mara nyingi hafiki hata sentimita 60. Hujikunja na kusugua magamba, yakatoa mlio kama mafuta yakikaangwa. Mkiusikia, simameni, mmulike, kisha rudini nyuma.

Hutoka jua likishazama, kwa hiyo ndala hazifai. Vaeni buti zinazofunika vifundo na suruali pana ya kitambaa kigumu. Kila mmoja awe na tochi yake, na mtoto afuate nyayo za mzazi. Jiwe ligeuzwe na mzazi kwa fimbo yenye ndoana, akilivutia upande wake, ili jiwe libaki kati yake na nyoka. Kisha lirudishwe lilivyokuwa. Watu hulisahau hili, na makao ya wadudu na mijusi yakaharibika bure.

Picha ipigwe kwa mbali, mita mbili au zaidi. Kumkamata bila kibali ni kosa kisheria.

Akiuma, msifunge kamba wala kuchanja. Sumu yake huzuia damu kuganda, kwa hiyo chale huvuja bila kukoma. Tulizeni kiungo, mkimbilie hospitali. Kabla ya safari, ulizeni kama ina dawa ya nyoka huyu wa Afrika. Iliyotengenezwa kwa ndugu yake wa India haisaidii sana.

Mpenda nyoka,
Marsabit