Dawa za presha Mzee asiache

Zuhura ndugu yangu,

Salamu sana. Huku hatujambo, Rehema keshapona na anakusalimu. Habari za harusi ya Shabani nimezipata na nimefurahi mno, ila hizo tutaziongea barua ijayo. Leo nina haraka na jambo moja.

Umeandika pale mwishoni, kama jambo dogo tu, kwamba Mzee anameza vitamini E kwa wingi "kuua oksijeni mbaya", na kwamba anafikiria kuacha dawa zake za presha. Tafadhali asiache. Mwambie hilo kwanza, haya mengine yanaweza kungoja.

Maneno ya huyo aliyemshauri yana ukweli ndani yake, ndiyo maana yananitia hofu. Mshipa wa damu kwa ndani umetandikwa seli zilizopangana safu moja tu. Seli hizo hutoa gesi ya naitriki oksaidi, nayo huifanya misuli ya ukuta wa mshipa ilegee, damu ipite kwa wepesi. Mwanasayansi Robert Furchgott alionyesha mwaka 1980 kwamba mshipa uliokwanguliwa safu hiyo haulegei tena ukipewa asetilikolini, kemikali ambayo huulegeza mshipa mzima. Sasa supaoksaidi, mojawapo ya hizo "oksijeni mbaya", yaani oksijeni iliyobeba elektroni moja ya ziada, ikikutana na gesi hiyo huimaliza papo hapo, na kinachozaliwa ni peroksinaitriti. Hii nayo huharibu kisaidizi cha kimeng'enya kinachotengeneza ile gesi. Kimeng'enya kikikosa kisaidizi chake, chenyewe huanza kutoa supaoksaidi! Kila nikilifundisha hili nashindwa kulipita haraka. Hapo mshipa unakakamaa, na ukuta wake unaanza kunasa chembe nyeupe za damu.

Lakini Zuhura, seli hizo hizo hutengeneza oksijeni ya namna hiyo kwa makusudi. Zikipata ishara ya kuotesha mishipa mipya, kwa mfano baada ya jeraha, hutoa kidogo haidrojeni peroksaidi, nayo ni ya jamii hiyo hiyo ya oksijeni, na hiyo huzima kwa muda vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuifunga breki ishara yenyewe. Ujumbe unafika, kisha breki inarudi. Katika mishipa midogo, hata ya moyo, haidrojeni peroksaidi husaidia mshipa kulegea. Kwa hiyo huwezi kusema "tuziue zote". Cha kuangalia ni ipi, kiasi gani, na imetokea sehemu gani ya seli.

Na vitamini E hukaa kwenye mafuta ya utando wa seli. Supaoksaidi na naitriki oksaidi hukutana kwa kasi ambayo kidonge hakiiwezi. Utafiti wa HOPE, uliotolewa mwaka 2000, uliwapa watu zaidi ya 9,000 walio katika hatari ya ugonjwa wa moyo ama vitamini E, yuniti 400 kila siku, ama kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka minne na nusu hivi, mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua. Walipoendelea kufuatiliwa, waliomeza vitamini walionekana kupata zaidi tatizo la moyo kushindwa kusukuma damu. Inaniuma mtu kumuuzia mgonjwa kitu hiki bila kumwambia hayo.

Na tazama hili: homoni ya angiotensini, inayopandisha presha, ndiyo pia huamsha kimeng'enya kikubwa cha kutoa supaoksaidi kwenye mishipa. Zipo dawa za presha zinazoizuia homoni hiyo. Yaani huenda Mzee anataka kutupa kile kile kinachozuia hiyo oksijeni tangu inakoanzia, abaki na kidonge kinachoikimbiza nyuma.

Sasa nijibu upesi. Dawa zake zinaitwaje? Niandikie majina kama yalivyo kwenye pakiti. Anatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda? Hiyo ikikutana na vitamini E nyingi anaweza kutokwa damu, basi mpelekeni kwa daktari wake bila kungoja jibu langu. Kapima presha lini, na ilisomaje? Kwa nini hasa anazichoka dawa, zinamkohoza, zinamtia kizunguzungu, au ni uchovu wa kumeza kila siku? Kama zinamsumbua, daktari anaweza kumbadilishia. Na sigara, ameacha kweli au anajificha kwa Idi? Wewe mwenyewe unalala?

Wako,
Mwanaidi