Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa UBOS, ofisi ya takwimu ya Uganda: tukadirieni kipato cha kaya ya katikati, kaunti kwa kaunti

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam kutoka Samia-Bugwe, wilaya ya Busia. Ninatunza vitabu vya SACCO ya parishi (eneo la utawala lenye vijiji kadhaa) chini ya Mpango wa Maendeleo ya Parishi, na jambo langu ni moja. Ofisi yako sasa ina data za kutosha kukadiria kipato cha kaya ya kawaida katika kila kaunti ya vijijini, na kuonyesha kimebadilika vipi kwa miaka kumi. Naomba kazi hiyo ifanyike.

Tangu mpango huu uzinduliwe wilayani Kibuku mwezi Februari 2022, kila parishi hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya hukopa hadi milioni moja. Parishi ya wavuvi kule Majanji na parishi ya wakulima wa mihogo zinatengewa kiasi kilekile. Kesho tutaulizwa kama watu wameinuka. Tutajibu kwa kipimo gani? Umaskini nchini ulikuwa asilimia 56 mwaka 1992, na utafiti wa kaya wa 2023/24 umeukuta asilimia 16.1. Nimefurahi kuisoma namba hiyo. Lakini sampuli ya utafiti huo imepangwa ili iseme juu ya taifa na kanda kama Bukedi; kaya zinazohojiwa katika kaunti moja ni chache mno kusimamia jibu lolote.

Na tafadhali, msitupatie wastani. Mwaka 2005/06 wastani wa kipato cha kaya kwa mwezi ulikuwa shilingi 170,800. Mwaka 2009/10 ukafika 303,700. Anayesoma haraka atadhani kila nyumba imekaribia kupata maradufu. Zile ni shilingi za miaka tofauti, na bei za sokoni zilikuwa zimepanda. Isitoshe, Kampala peke yake ilikuwa na wastani wa 959,400, ikalivuta taifa zima juu. Huku kwetu wenye mashua za injini na wenye malori mpakani wanafanya vivyo hivyo kwa kaunti. Zipange kaya zote kuanzia ya chini kabisa hadi ya juu, uichukue ile ya katikati: hiyo mediani ndiyo inayosema ukweli wa Samia-Bugwe.

Njia mnaijua kuliko mimi. Utafiti wa kaya huuliza mengi kwa watu wachache. Sensa huuliza machache kwa watu wote: paa la nyumba, elimu, simu, shughuli ya riziki. Mnajifunza kutoka kwenye utafiti jinsi mambo hayo yanavyoendana na hali ya kaya, kisha mnakadiria kwa kila kaya iliyohesabiwa. Mlishachora ramani za umaskini namna hiyo mkitumia sensa ya 1991 na utafiti wa 1992, na baadaye sensa ya 2014 na utafiti wa 2012/13. Sasa sensa ya Mei 2024 imekutana na utafiti wa 2023/24. Nafasi kama hii huja mara moja kwa miaka kumi. Tukichelewa, data za pande mbili zitazidi kuachana.

Nina ombi kuhusu kinachopimwa. Muulize mama anayeanika mukene, yaani dagaa, Majanji alipata shilingi ngapi mwezi uliopita. Mvua ilinyesha siku tatu, mukene ikaoza. Iliyobaki aliiuza kwa mnunuzi wa ng'ambo ya mpaka, aliyemlipa kwa shilingi za Kenya. Mihogo anayokula na wanawe ni ya shamba lake, haina bei. Kijana wake alimtumia elfu ishirini kwa simu, halafu miezi miwili kimya. Atataja namba yoyote ili mgeni mwenye tabuleti aendelee na safari. Lakini ukimuuliza wiki hii wamekula nini, wamenunua nini, cha shambani ni kipi, atakueleza kitu kwa kitu. Kwa hiyo naona kipimo cha matumizi, chakula cha shambani kikiwa kimethaminiwa kwa bei ya soko la karibu, ndicho cha kutegemewa. Kitangazeni kwa jina lake, matumizi, wala msikiite mapato.

Mipaka nayo isisahauliwe. Kaunti ya Samia-Bugwe ya Kati haikuwepo wakati wa sensa ya 2014. Rudini kwenye parishi za zamani, mzipange upya ndani ya mipaka ya leo, na shilingi zote ziwe za bei za mwaka mmoja. La sivyo tutalinganisha watu tofauti kwa pesa tofauti.

Kila makadirio yabebe kiwango chake cha makosa, hata kama ni kikubwa. Tofauti ya kaunti mbili ikiwa ndogo kuliko kosa lenyewe, semeni hivyo, ili mwanasiasa asije kuitumia jukwaani. Na karatasi zifike makao makuu ya kila sabukaunti, zibandikwe ubaoni kwa lugha zinazosomeka hapa: Kisamia, Kiswahili na Kiingereza.

Wako katika kazi ya umma,

Mtunza vitabu wa SACCO ya parishi, Samia-Bugwe