Jirani anapochimba msingi, usisubiri jamvi limwagwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye nyumba wa Sinza, Kijitonyama, Mbezi na kwingineko jijini Dar es Salaam ambako nyumba ya vyumba vitatu inavunjwa ili lipandishwe ghorofa. Majirani wengi wanakwenda manispaa kulalamika wakati nguzo za ghorofa ya pili zimeshasimama. Hapo wamechelewa. Jirani ana nafasi ya kujilinda tangu mabati ya uzio yanapozungushwa mpaka jamvi, yaani zege la sakafu ya chini, linapomwagwa, na mara nyingi hizo ni wiki chache tu.

Anza na bango. Soma namba ya kiwanja na kitalu, namba ya kibali, jina la mkandarasi, la msanifu na la mhandisi. Kama hakuna bango, mwombe mtendaji wa mtaa aende akaulize kibali. Kibali chenyewe si karatasi moja: kinakwenda na michoro iliyogongwa mihuri ya halmashauri na masharti yake, yaani umbali wa jengo kutoka mpakani, idadi ya ghorofa, sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa na matumizi ya jengo. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaipa halmashauri uwezo wa kusimamisha kazi inayokiuka masharti hayo. Lakini afisa hawezi kusimamisha asichokijua, na barua inayosema tu "tunasumbuliwa" haimfikishi mtu popote. Andika kwa mkurugenzi, nakala kwa afisa mipango miji na mhandisi. Taja namba ya kiwanja na kipimo: "ukuta umesimama sentimita 60 kutoka kwenye mpaka, na mchoro ulioidhinishwa unaonyesha zaidi." Ambatisha picha. Nakala yako igongwe muhuri wa masjala, uondoke nayo.

Kipimo hicho hakina maana kama hujui bikoni, yaani alama za mpaka zilizowekwa na wapimaji, ziko wapi. Ukuta wa uzio si mpaka. Fensi nyingi zilijengwa kwa kukisia. Bikoni zikiwa zimefukiwa au kung'olewa, mlete mpima ardhi aliyesajiliwa afufue mipaka kwa ramani ya upimaji, jirani akiwepo, kabla kamba za msingi hazijafungwa.

Sasa shimo, ambalo ndilo linanitia hofu kuliko yote. Kariakoo, Novemba 16, 2024, jengo liliporomoka na kuua zaidi ya watu 20, na tangu hapo wengi wakipita penye ujenzi wanatazama juu, kwenye nondo na zege. Nawasihi watazame na chini. Chukua msingi wako wenye kina cha sentimita 80. Jirani akichimba mita 3 kwa ajili ya ghorofa la chini ya ardhi, shimo lake limeupita msingi wako kwa mita 2.2. Kwenye udongo mgumu, ukingo wa shimo usiokingwa ukae walau mita 2.2 kutoka kwenye msingi wako. Kwenye mchanga, kama ulivyo sehemu kubwa ya Dar es Salaam, umbali huo hautoshi: uzidishe mara moja na nusu, ufike mita 3.3. Kiwanja kikiwa hakina nafasi hiyo, lazima pawe na kuta za kuzuia udongo zilizochorwa na mhandisi, na ziwekwe kabla ya kuchimba. Ikibidi kuchimba ubavuni mwa ukuta wako, kazi iende kwa vipande: kipande cha mita moja kinafunguliwa, viwili vinaachwa, zege linamwagwa na kukomaa, ndipo kingine kinafunguliwa. Ukiona kijiko, ile mashine ya kuchimba, kimefungua mtaro mzima kandokando ya nyumba yako siku moja, piga simu manispaa saa hiyohiyo.

Angalia pia pampu ya kunyonya maji shimoni. Kinga ndoo kwenye bomba la kutolea, iache itulie nusu saa. Yakibaki maji tu, sawa. Ukikuta mchanga laini umetuama chini ya ndoo, udongo unanyonywa pamoja na maji, na unaweza kuwa unatoka chini ya sakafu yako.

Kabla kazi haijaanza, piga picha kila ukuta, sakafu, karo na uzio, rula ikionekana kwenye picha, kisha mtumie jirani na mkandarasi ili tarehe ibaki pande zote. Bila hivyo kila ufa utaambiwa ulikuwepo. Ufa uliopo uchorwe mstari wa penseli kwenye ncha zake mbili, na tarehe. Pigilia misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, upime nafasi kati yake kila Jumamosi. Ufa wa chini ya milimita moja mara nyingi ni wa lipu tu. Ukianzia kona ya dirisha na kushuka mshazari, ukapita milimita 5, au mlango ukaanza kukwama, mwite mhandisi. Ukiongezeka milimita moja ndani ya wiki moja, uchimbaji usimame kwanza.

Kifusi nacho kinaua. Fensi ya tofali za inchi 6 imejengwa isimame yenyewe, haikujengwa kuzuia udongo. Mita moja ya ujazo ya mchanga uliolowa inakaribia tani 2, na kimo cha rundo kikiongezeka mara mbili, msukumo wake ukutani unakuwa mara nne. Masika ikikuta rundo limeegemea fensi, fensi inalala upande wa kwako, mara nyingi pale watoto wanapochezea. Daini kifusi kikae mbali na ukuta walau sawa na urefu wa rundo lenyewe.

Paa likifika, shusha timazi, yaani kamba yenye uzito chini, kutoka kwenye ncha ya bati. Ikigusa ardhi yako, bati limevuka. Paa la mita za mraba 60 likipigwa na mvua ya milimita 50 linamwaga lita 3,000, na zote zitaangukia msingini kwako kama hakuna mfereji wa kuzipeleka barabarani.

Vumbi na kelele za mchana zinavumilika. Jirani ana haki ya kujenga. Kelele za usiku zipelekwe serikali ya mtaa, zikiendelea, kwa mamlaka ya taifa ya mazingira. Mgogoro wa mpaka ukishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linaweza kutoa zuio la muda.

Ombi langu kwa halmashauri ni moja: kila kibali cha ghorofa kinapotolewa, ukurasa wa masharti ubandikwe ofisi ya serikali ya mtaa siku hiyohiyo, na mkaguzi asiidhinishe msingi kabla hajaingia uani kwa majirani wa pande zote na kuona kuta zao.

Mkaguzi wa majengo,
Dar es Salaam