Barua ya wazi kwa wanafunzi wa usanifu wa mitambo: hesabu kwanza, rangi baadaye

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na kero ambayo sikuweza kuimaliza ukumbini. Nimekuwa nikialikwa kuwa mmoja wa watahini wa miradi ya mwaka wa mwisho, na safari hii nimetoka na mzigo moyoni, si kwa sababu wanafunzi hawakujiandaa, bali kwa sababu walijiandaa vizuri mno katika mambo yasiyo na uzito. Kila kundi lilileta picha ya kipande cha chuma kilichopakwa rangi na programu ya uchanganuzi, buluu penye mkazo mdogo (yaani nguvu inayobebwa na kila kipande cha eneo la chuma) na nyekundu penye mkazo mkubwa, na kila kundi likaisoma namba iliyoandikwa pembeni kana kwamba ni hukumu ya mahakama ya rufani. Nilipouliza walitarajia namba hiyo iwe ngapi kabla hawajaiwasha kompyuta, wengi walitazamana. Kijana mmoja akanijibu kwa heshima zote: "Mzee, programu ndiyo iliyosema."

Programu haisemi, mwanangu. Programu hujibu swali uliloiuliza, hata kama swali lenyewe ni bovu, na haina haya ya kukupa jibu lenye desimali nne kwa swali ambalo halikupaswa kuulizwa.

Kundi la kijana huyo lilikuwa limesanifu kishikizo chenye umbo la herufi L, na kona yake ya ndani ilikuwa kali kabisa, bila mviringo wowote. Nyekundu yote ilikuwa imejikusanya hapo. Niliwaomba wapunguze ukubwa wa matundu ya wavu, yaani vile vipande vidogo ambavyo programu huligawia umbo ili ilikokotoe, kwenye kona hiyo na kukokotoa upya, namba ikapanda. Tukapunguza tena, ikapanda tena, na nyuso zao nazo zikabadilika, kwa kuwa walidhani wameharibu kitu. Hawakuharibu kitu. Katika nadharia ya unyumbufu, inayochukulia kwamba chuma hurudi kwenye umbo lake mzigo ukiondolewa, kona ya ndani iliyo kali haina kikomo cha mkazo, kwa hiyo kadiri wavu unavyozidi kuwa mdogo ndivyo namba inavyozidi kupanda, na haitatulia hata mkiiacha kompyuta ikokotoe usiku kucha. Maana yake ni kwamba ile namba ya kwanza, iliyoandikwa kwa wino mzito katika hitimisho la ripoti yao, haikuwa sifa ya kishikizo. Ilikuwa sifa ya ukubwa wa wavu walioamua kuutumia. Kama wangechora mviringo ambao fundi angeuweka hata hivyo, kisha wakapunguza wavu hadi namba iache kubadilika, wangekuwa na jambo la kutueleza.

Msidhani hili ni kosa la wanafunzi peke yao. Tarehe 23 Agosti 1991, sehemu ya chini ya jukwaa la gesi na mafuta la Sleipner A, iliyojengwa kwa zege, ilizama karibu na Stavanger nchini Norway wakati ikishushwa majini kwa maandalizi ya kuunganishwa na sehemu ya juu. Uchunguzi ulionyesha kwamba wavu wa uchanganuzi katika maungio ya kuta za ndani ulikuwa mbaya, na nguvu ya kukata katika kuta hizo ilikadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Ukokotoaji makini uliofanywa baada ya ajali ulionyesha kwamba ukuta ungeshindwa kwenye kina cha takriban mita 62. Ulishindwa kwenye takriban mita 65. Namba sahihi ilipatikana, ila ilipatikana wakati jukwaa liko chini ya maji. Ni bahati kwamba hakuna aliyepoteza maisha.

Sasa tazameni jinsi hesabu ya mkono isivyo kazi ya kutisha. Chukueni mhimili wa chuma wenye kipenyo cha milimita 40, ulioshikiliwa upande mmoja na kutokeza milimita 400, ukibeba nyutoni 2,000 kwenye ncha yake. Zidisheni nguvu kwa urefu mpate nyutonimita 800, kisha mtumie kanuni ya kupinda mliyofundishwa mwaka wa pili: mkazo kwenye shina, pale mhimili uliposhikiliwa, ni takriban megapaskali 127 (megapaskali ni nyutoni moja kwa kila milimita ya mraba), na ncha hushuka takriban milimita 1.7. Hiyo ni nusu ukurasa. Programu ikiwaletea megapaskali 12 au 1,270, mtajua papo hapo kwamba kuna aliyeingiza sentimita mahali pa milimita, au nguvu imeelekezwa pasipo, au kishikizo kimegandishwa mahali ambapo katika mashine halisi kimefungwa kwa bolti mbili tu zinazoweza kulegea. Bila hiyo nusu ukurasa, hamna namna ya kujua chochote.

Na mhimili huohuo una somo jingine ambalo nimelirudia hadi sauti inakauka. Kundi moja liliona ncha inashuka kupita kiasi, likaamua kubadilisha chuma cha kawaida kwa chuma chenye nguvu mara tatu, na bei ya mradi ikapanda. Ncha ingeshuka vilevile. Moduli ya unyumbufu ya chuma, yaani kipimo cha jinsi kinavyokataa kunyumbuka, ni takriban gigapaskali 200, kiwe cha bei nafuu au cha bei ghali. Nguvu ya kustahimili ndiyo inayobadilika, ugumu wa kupinda haubadiliki kwa kiasi cha kuhesabika. Dawa ya mshuko ni umbo. Ongezeni kipenyo kutoka milimita 40 hadi 48 na mshuko utapungua kwa zaidi ya nusu, kwa sababu kipenyo kinaingia kwenye kanuni kikiwa kimepandishwa kwa kipeo cha nne. Fupisheni mhimili na mtapata faida ya kipeo cha tatu. Anayeelewa sentensi hizi mbili ameokoa fedha nyingi kuliko anayejua kila kitufe cha programu.

Kuhusu uchovu wa metali, yaani kuvunjika kwa chuma kwa mzigo unaorudiwarudiwa, nitasema kwa ufupi, ingawa unastahili barua yake. Megapaskali 127 ni salama kwa chuma cha kawaida kinachoanza kupinda bila kurudi kwenye takriban 250, lakini usalama huo ni wa mzigo uliotulia. Mhimili unaozunguka huku umebeba mzigo huvutwa na kubanwa katika kila mzunguko, na penye kona kali au mfereji wa kabari (mfuo unaochongwa kwenye mhimili ili kufungia gurudumu) ufa huanza polepole bila mtu kuuona. Mwaka 1842 treni ilipata ajali karibu na Versailles, Ufaransa, baada ya ekseli ya injini kuvunjika, na zaidi ya watu 50 walikufa. Baadaye August Wöhler, mhandisi wa reli wa Prussia, ufalme wa Kijerumani wa wakati huo, alijaribu ekseli kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba chuma huvunjika kwa mkazo mdogo kuliko ule unaokivunja mara moja, ukirudiwa mara nyingi. Hata hivyo, mwaka 1954 ndege mbili za abiria za aina ya Comet, zilizoundwa Uingereza, zilivunjika angani, na wachunguzi walipoweka kiwiliwili cha ndege ya aina hiyo ndani ya tangi la maji na kukijaza shinikizo mara kwa mara, kilipasuka kuanzia kwenye kona ya uwazi wa dirisha. Kwa hiyo mtahini akiwauliza mzigo utarudiwa mara ngapi, asionekane mkorofi.

Mengine nitayataja tu. Andikeni vizio katika kila mstari wa hesabu. Someni katalogi za beringi kwa makini, na mkumbuke kwamba mzigo ukiongezeka maradufu, maisha ya beringi ya gololi hushuka hadi sehemu moja ya nane. Msisanifu bolti, nunueni. Kabla ya kufunga mchoro, jiulizeni spana itapita wapi.

Lakini nisiwalaumu ninyi peke yenu, maana mtoto hujifunza anachoona kinasifiwa. Ni sisi wakubwa tuliokubali karakana zifungwe au zigeuzwe stoo, kisha tukajisifu kwa leseni za programu. Ni sisi tunaowapa maswali ambayo mzigo umeshaandikwa, kipimo kimeshaandikwa, na kilichobaki ni kupachika namba kwenye kanuni. Kisha tunashangaa mhitimu anaposhindwa kukadiria mzigo wa mashine ambayo hakuna aliyemwandikia swali lake. Mashine halisi haiji na mzigo wake umeandikwa ubavuni. Lazima mtu aende akapime, aulize mwendeshaji huwa anaijaza kiasi gani siku ya haraka, na afikirie mpumbavu atakayeipanda. Na ni jamii nzima inayomwona mwenye grisi mikononi kama aliyeshindwa maisha, ilhali inamwita mhandisi yule aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka akibadilisha rangi za picha. Wahadhiri wenzangu watanisamehe, lakini anayetoa alama kwa unene wa ripoti asilalamike akiletewa unene.

Narudi kwenu, maana ninyi ndio ninaowapenda na ndio mnaoweza kubadilika mapema. Kabla ya kukabidhi mchoro wowote, upelekeni kwa mkereza vyuma na mkae naye. Atawauliza kwa nini kila kipimo kina desimali tatu, na mtalazimika kufikiri ni kipi hasa kinachohitaji ukali huo. Tundu la milimita 25 litakalopokea shafti inayoteleza laweza kuruhusiwa kati ya 25.000 na 25.021, na shafti yake kati ya 24.980 na 24.993, ukingo wa nje wa bati la kufunikia hauhitaji hata nusu ya uangalifu huo, na kila sifuri mnayoiongeza bila sababu kuna mtu atailipia kwa saa za mashine. Mwulizeni atakishikaje kipande akikikereza, kifaa chake kitafikaje ndani ya kona mliyoichora, na ni mviringo wa kiasi gani utakaobaki hapo hata asipotaka. Msione aibu, mficha uchi hazai. Akisema haliwezekani, mwombeni awaonyeshe linalowezekana, mrekebishe mchoro palepale mbele yake, kisha mrudie hesabu kwa vipimo vipya kabla hamjaigusa programu.

Wenu katika kazi hii,
Mzee wenu, mhandisi mstaafu