Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Bustani za Mlimani

Ndugu wanachama,

Mwaka tulioumaliza ulikuwa mkavu. Mvua zilichelewa, zikaja kwa vishindo vifupi, na maji mengi yakateremka mlimani kabla udongo haujayanywa. Hata hivyo bustani nyingi zimevuka, na sababu yake ndiyo ninayotaka tuizungumze leo.

Huku juu hewa ni kavu, upepo haupumziki na jua ni kali. Kila unapopanda mita 1,000, mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi, huongezeka kwa takriban asilimia 10. Udongo ulioachwa wazi, hata ukimwagiliwa alfajiri, adhuhuri umekwisha kukauka juu. Kwa hiyo kazi yetu kubwa mwaka huu ilikuwa matandazo: nyasi kavu, majani na magome ya miti, unene wa sentimita 5 hadi 10, yakiachwa mbali kidogo na shina lisije likaoza. Nimepita kwenye vitalu vyenu nikayafunua kwa mkono, na nimefurahi sana kukuta unyevu chini yake wakati njia ya pembeni ilikuwa vumbi tupu. Wenye mimea laini tu wajihadhari na sakitu, yaani umande unaoganda kwa baridi. Matandazo huzuia joto la udongo lisipande kwenye majani usiku, kwa hiyo usiku wa baridi kali funikeni mimea yenyewe kwa kitambaa.

Vyungu vya udongo visivyopakwa rangi, vilivyofukiwa hadi shingoni na kujazwa maji, navyo vimefanya vizuri kwenye maboga na nyanya. Maji hupenya taratibu kadiri udongo unaovizunguka unavyokauka. Wakulima wa China walikwisha kuiandika njia hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Lisilonipendeza ni umwagiliaji wa kidogokidogo kila siku. Mizizi huzoea kukaa juu, na siku maji yakikosekana mmea hauna pa kukimbilia. Mwagilieni kwa nadra lakini maji yazame. Kwenye mteremko gawanyeni kwa awamu mbili, ya kwanza ikilainisha udongo ili ya pili isitiririke.

Sasa suala la tangi la pili, ambalo wengi mmeliomba. Kamati haikubaliani nalo kwa mwaka huu, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Lita 1,000 zikimwagwa kwenye bustani ya mita za mraba 100 ni sawa na milimita 10 tu za mvua. Udongo tifutifu wenye mboji ya kutosha, kwa kina cha sentimita 30 tu, huweza kuwekea mimea akiba mara kadhaa ya hiyo, tena bila bomba wala koki ya kuvuja. Tunapendekeza fedha hizo zitumike kutengeneza mboji ya pamoja na kuchimba makinga maji, yaani mitaro ya kuzuia maji yasiteremke, yanayofuata kontua (mistari ya kimo kimoja mlimani) juu ya vitalu vyetu. Tangi tutalirudia udongo utakapokuwa tayari.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Wajumbe wawili wa kamati wanamaliza muda wao, nami nawashukuru kwa dhati. Fomu za wagombea ziko kwa katibu. Kura ya pendekezo la mboji na makinga maji itapigwa mara tu baada ya hesabu, na aliye na hoja ya kulipinga atapewa nafasi ya kuzungumza kwanza.