Sumaku haiwezi kukwambia nondo ni mbovu

Mhariri, salaam. Naomba nafasi nimjibu yule msomaji aliyeandika kwamba nondo mbovu ya ujenzi unaijua kwa kuigonga na kusikiliza mlio, au kuiwekea sumaku uone inavyoshika. Ndugu yangu, sumaku itashika nzuri na mbovu vilevile, zote si chuma?

Nondo nyingi tunazonunua madukani zimetokana na skrepa, yaani vyuma chakavu. Humo kuna bodi za magari, mabati ya zamani, mota ambazo kopa (shaba) yake haijatolewa vizuri, vyote vinaingia tanuru moja, na yale matanuru ya umeme ya induksheni kazi yao kubwa ni kuyeyusha, salfa na fosforasi hayaondoi, kwa hiyo uchafu ulioingia nao ndo unaotoka nao kwenye nondo.

Sasa maabara uchafu huo tunautafuta kwa hadubini, na tunafanya hivi. Unakata kipande kwa urefu wa nondo (ukikata kwa upana utaona vidoti tu), unasugua kwa msasa huku maji yanatiririka, unaanza na namba 240 unapanda mpaka 1200, halafu unapolishi na unga wa almasi mpaka ujione uso. Hadubini yenyewe siyo ile ya kupimia malaria, hii taa yake inapiga kwa juu ikarudi kwenye lenzi maana chuma hakipitishi mwanga. Ukikuza mara 100 tu yanaanza kuonekana mambo: salfaidi ya manganizi, yaani ile salfa ikiwa imeungana na madini ya manganizi, ni ya kijivu, imevutika ndefu kufuata njia nondo ilivyopita kwenye rola, alumina (oksaidi ya alumini) ni vipunje vyeusi vyenye kona vimejipanga msururu, na ukikuta kitu cha pembe nne chenye rangi ya dhahabu usishangilie, hiyo ni naitraidi ya titani, uchafu mwingine wa titani na naitrojeni.

Vijana wengi wana haraka ya kumwagia naitali, yaani asidi ya naitriki kidogo kwenye spiriti. Hapana jamani! Asidi ni ya kuonyesha chembe za chuma chenyewe, uchafu unautafuta kwanza kabla ya asidi kugusa sampuli, la sivyo yanatokea mashimo na weusi mpya na hutajua kipi kilikuwemo na kipi umekitengeneza mwenyewe. Hata kupolishi vibaya kunang'oa ule uchafu, unabaki unaangalia tundu.

Najua wapo watakaosema spektromita, mashine inayotoa asilimia ya kila kilichomo kwenye chuma, inatosha. Kweli hadubini haikupi asilimia, na fosforasi iliyoyeyuka ndani ya chuma huioni hivihivi. Ila nondo mbili zinaweza kuwa na salfa sawasawa kwenye karatasi, moja imetawanyika vipande vidogo, nyingine imejipanga michirizi mirefu, na hiyo ya pili ndo yenye hatari zaidi ya kupasuka fundi akiikunja kutengeneza ringi, zile pete za kufungia nondo za nguzo. Mashine ya kuvuta, ile ya kupimia nguvu ya nondo, nayo inavuta kwa urefu, mlemle michirizi ilikolala, kwa hiyo nondo inaweza kufaulu pale ikaja kukuaibisha saiti.

Kwa hiyo mhariri, mwandishi wenu akienda tena kiwandani kuandika habari za nondo, asiishie kwenye namba za nguvu na bei, aombe picha ya hadubini, na akipewa aulize imepigwa kabla ya asidi au baada.

Fundi wa maabara,
Temeke, Dar es Salaam