"Aunt" ya magazeti ya Marekani haikuwa heshima

Mhariri,

Nasoma gazeti lako tangu nikiwa chuo cha ualimu na sijawahi kukuandikia. Makala ya Jumapili iliyopita kuhusu magazeti ya zamani ya Marekani imenishinda kunyamazia. Mwandishi wako anasema magazeti ya majimbo ya Kusini yalipowaita wanawake weusi wazee "Aunt", yalikuwa yakiwaenzi kama sisi tunavyowaenzi shangazi zetu. Si kweli, na inaumiza kuisoma katika Kiswahili.

Neno hilo liliwekwa pale ili neno jingine lisiwekwe. Mwanamke wa kizungu aliyeolewa, awe mke wa hakimu au wa seremala, aliandikwa "Mrs." na jina la ukoo wa mumewe. Mwanamke mweusi, hata kama ana ndoa na wajukuu, alinyimwa "Mrs." na "Miss" pia. Akiwa kijana aliandikwa jina lake la kwanza tu. Uzee ukimfika, akawa "Aunt". Mwanamume alikuwa "boy" mpaka mvi zimwote, kisha "Uncle", na aliyesoma akaitwa "Professor", alimradi asiitwe "Mr.". Shangazi gani huyo haruhusiwi kuketi mezani pako wala kupiga kura?

Mwandishi wako angesoma kesi ya Mary Hamilton, mwanamke mweusi aliyepigania haki za raia. Juni 1963, katika mahakama ya Gadsden, Alabama, mwendesha mashtaka alimwita "Mary". Akakataa kujibu swali lolote mpaka aitwe ipasavyo, "Miss Hamilton". Jaji akampa siku 5 jela na faini ya dola 50, na hukumu hiyo haikufutwa mpaka ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani, Machi 1964. Magazeti ya weusi wenyewe, likiwamo Chicago Defender lililoanzishwa na Robert Abbott mwaka 1905, yaliwaandika wanawake wao kwa "Mrs." na "Miss", maana walijua wananyimwa nini kwingine. Na yule "Aunt Jemima" wa kwenye pakiti za unga, mliyemchapa kama pambo la makala? Mwanamke aliyevalishwa kilemba na kupewa jina hilo katika maonyesho makubwa ya Chicago ya 1893 aliitwa Nancy Green, mzaliwa wa Kentucky, aliyezaliwa mtumwa. Alifariki 1923. Kaburi lake halikuwekewa jiwe lenye jina lake mpaka 2020.

Nina sababu ya kuwaka. Mama yangu mzazi alikuwa mkunga wa zahanati ya kata yetu. Akina mama wengi wa pale walijifungulia mikononi mwake, na baadaye binti zao pia. Siku ya kuzindua wodi ya wazazi, mwandishi wa gazeti moja alikaa naye kivulini akamhoji, nami nikamtajia jina la mama herufi kwa herufi huku akiandika. Picha ikatoka. Mgeni rasmi ana jina, cheo na shahada. Mganga mkuu ana jina. Hata mkandarasi ana jina. Mama yangu, aliyesimama katikati yao na sare yake, ni "bibi mmoja mkazi wa eneo hilo akifurahia huduma". Huduma aliyokuwa akiitoa yeye, usiku, kwa taa ya chemli! Niliandika kuomba masahihisho, nikaenda mwenyewe mpaka ofisini kwao. Nikaambiwa nisikasirike, bibi ni neno la heshima.

Na hizi picha za mapokezi ya viongozi, ambazo hata wewe unazichapa kila wiki: mheshimiwa anacheza ngoma, pembeni yake "akina mama wakitumbuiza". Wanajulikana kikundi chao, kijiji chao, hata nani kiongozi wao. Hakuna anayewauliza.

Naomba masahihisho ya makala ile yatoke Jumapili, ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, na Mary Hamilton aandikwe Bi. Hamilton. Kisha kila mpigapicha wako apewe daftari lenye nafasi ya jina la mtu, la babake, la ukoo na kazi yake, na mwenye jina asaini pembeni kabla picha haijatumwa chumba cha habari. Isiyo na sahihi isichapwe, hata kama waziri yumo.

Mwalimu mstaafu,
Tanga